MAUDHI SI MADHARA: KUISHI NA DAWA BAADA YA SHAMBULIO LA MOYO

(Maneno ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya Kamati ya Jumuiya na wananchi wa kambi ya Nyarugusu, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni)







Kila mwaka siku kama ya leo tunasikia ngoma, tunasikia mashairi ya watoto, tunawakumbuka waliobaki njiani. Mwaka huu Kamati imeniomba niseme juu ya afya ya wazee wetu. Nimekubali, lakini nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi ni mwalimu, si daktari. Chuo cha ualimu kilinifundisha kupanga somo na kulieleza kwa lugha nyepesi. Haya nitakayosema nimeyauliza kwa matabibu, nimeyasoma kwenye karatasi zinazokaa ndani ya maboksi ya dawa, na mengine nimeyaona nyumbani kwetu. Kazi yangu leo ni kuyaeleza tu. Dawa ya mtu fulani hupangwa na daktari wake.

Kwa nini tuzungumze juu ya moyo? Kambi yetu ilifunguliwa mwaka 1996. Wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika tukiwa wadogo, mimi mwenyewe nikiwa mgongoni mwa mama. Siku hizo hofu ilikuwa kipindupindu, surua na malaria. Lakini miaka haikusimama. Baba aliyefika hapa ana miaka 35, akibeba mtoto huku na gunia kule, leo amevuka 60. Malaria ipo bado, ila sasa imeongezeka presha, imeongezeka sukari, na yamekuja magonjwa ya moyo. Kizazi kilichotuvusha ziwa kimezeeka, na sisi tuliobebwa ndio wenye zamu ya kukiangalia.

SHAMBULIO LA MOYO NI NINI

Moyo ni pampu. Nao, kama kiungo kingine chochote, unalishwa damu kwa mishipa yake wenyewe. Katika miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo, kama kutu ndani ya bomba. Siku moja utando wa mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, donge huziba njia, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Si upepo mbaya, wala si kazi ya jirani aliyekukasirikia kwenye foleni ya maji. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona familia zikigombana, na mgonjwa akipelekwa mbali kutafutiwa mchawi, wakati vidonge vyake vimelala kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda.

Mtu akinusurika, hurudi nyumbani na dawa nne, tano, hata sita. Watu huuliza: ugonjwa mmoja, vidonge vyote hivi vya nini? Jibu ni kwamba kila kimoja kina kazi yake. Aspirini na klopidogreli huzuia damu isigande tena. Dawa za kundi la statini, kama atovastatini na simvastatini, hupunguza mafuta kwenye damu na kutuliza ukuta wa mshipa. Atenololi, bisoprololi na ndugu zake hupunguza mwendo wa moyo ili usichoke. Enalaprili, kaptoprili au lisinoprili hushusha presha na kuusaidia moyo usitanuke. Wengine huongezewa furosemidi ya kutoa maji mwilini, na kidonge cha kuweka chini ya ulimi wakati kifua kinapobana. Ni kama wachezaji wa timu moja. Ukimtoa kipa kwa sababu hafungi magoli, utajua kazi yake mpira utakapoingia wavuni.

MANENO MAWILI YA KUTOFAUTISHA

Sasa naja kwenye kiini cha somo. Kwenye dirisha la dawa wauguzi hutumia maneno mawili. Kuna maudhi madogo madogo ya dawa, na kuna madhara. Sisi tunayachanganya, na kuchanganya huko kunatugharimu watu.

Maudhi ni kero. Yanachosha, yanaudhi kama jina lake, lakini hayaui, na mengi hupungua baada ya wiki chache au hutibika kwa kubadilisha saa, kipimo au aina ya dawa. Madhara ni hatari, na anayeyaona hukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Anayedhani maudhi ni madhara huacha dawa zote na kujiweka kwenye hatari ya shambulio la pili. Anayedhani madhara ni maudhi hukaa nyumbani akivumilia mpaka anachelewa. Kwa hiyo tuzipitie dawa moja moja.

Kwanza, aspirini na klopidogreli. Maudhi yake ni kiungulia, tumbo kuunguza, na michubuko myepesi kwenye ngozi. Ukijikata wembe, damu huchelewa kukauka. Aspirini imezwe baada ya kula. Najua neno hilo ni jepesi mdomoni. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi nusu, wazee walikuwa wakimeza dawa juu ya maji matupu. Kama chakula ni kimoja kwa siku, basi dawa hiyo ifuate chakula hicho, hata kama ni saa kumi jioni, na iwe saa ile ile kila siku. Tumbo likizidi kuunguza, mwambie tabibu, kwa kuwa zipo dawa za kulilinda. Usijinunulie mwenyewe, maana omeprazoli, ambayo ni maarufu sana sokoni, inaweza kupunguza nguvu ya klopidogreli, na tabibu anaweza kukuchagulia nyingine. Madhara ni haya: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, damu ya pua isiyokoma, au kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Hapa pia naomba tusikilizane juu ya vibanda vya soko. Mzee mgongo ukimuuma, hununua diklofena au brufeni. Dawa hizo zikikutana na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni, na zenyewe si rafiki wa moyo uliokwisha kuumia. Kwa maumivu ya kawaida, parasitamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi.

Pili, statini. Wengi hulalamika misuli: mapaja yanauma, mabega ni mazito. Wakati mwingine ni dawa kweli. Lakini nataka mlisikie jambo hili. Uingereza walichukua wagonjwa 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya kero. Wakawapa chupa za mwezi mmoja mmoja kwa mwaka mzima: nyingine zina dawa, nyingine zina vidonge visivyo na dawa ndani, na miezi mingine hakuna kidonge kabisa. Mgonjwa hakujua kidonge alicho nacho ni kipi. Majibu yalitolewa mwaka 2020. Sehemu 9 katika kila 10 za kero walizopata kwenye statini zilitokea pia walipomeza vidonge visivyo na dawa. Maumivu yale hayakuwa ya uongo. Waliumwa kweli. Ila yaliletwa zaidi na hofu ya kidonge kuliko dawa iliyomo, na karibu nusu yao walirudi kwenye dawa baada ya kuonyeshwa majibu yao wenyewe. Nasi basi, kabla hatujasema "kidonge kimeniua miguu", tujiulize tulibeba kuni kutoka wapi juzi. Madhara ya kweli ya statini ni machache, nayo ni misuli kuuma vibaya na kulegea huku mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au macho kuwa ya njano. Hayo ni ya hospitali. Na ukiandikiwa erithromaisini kwa ugonjwa mwingine, sema kwamba unatumia statini, maana baadhi ya dawa za kundi hilo zikikutana na hiyo huleta shida ya misuli.

Tatu, dawa za kupunguza mwendo wa moyo. Hizi huleta uchovu, mikono ya baridi, ndoto nyingi usiku, na kizunguzungu ukiinuka haraka. Mwili huzoea baada ya wiki chache. Inuka kwa hatua: kaa kwanza kando ya kitanda, hesabu hadi 30, ndipo usimame. Jifunze kuhesabu mapigo. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba upande wa ndani wa mkono, hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kumhesabia babu yake. Mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika, au ukizimia, au mwenye pumu akianza kubanwa pumzi, nenda hospitali. Mwenye kisukari ajue kwamba dawa hii inaweza kuficha mapigo ya mbio yanayomwonya sukari inaposhuka. Na zaidi ya yote, dawa hii haiachwi ghafla. Moyo uliozuiwa ukiachiwa kwa mara moja hukimbia kama ng'ombe aliyekata kamba.

Nne, enalaprili na ndugu zake. Hapa nitasema ya nyumbani kwetu, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye amekaa pale mbele.

Baba yangu mkubwa alipata shambulio la moyo, akatibiwa, akaruhusiwa na dawa zake. Aliyempa hakumweleza kitu zaidi ya "hii asubuhi, hii jioni". Baada ya mwezi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kisichotoa makohozi, usiku kucha. Mnajua nyumba zetu zilivyopakana. Majirani wakaanza kunong'ona kifua kikuu. Watoto wakakatazwa kuja kusikiliza hadithi zake. Alipimwa makohozi mara mbili, hakukutwa na kitu. Yeye mwenyewe akaamua: dawa ndizo zinazonimaliza. Akaziacha zote. Siku ya kumi na moja kifua kikambana usiku, tukambeba kwa baiskeli hadi hospitali ya kambi.

Tabibu wa zamu alimuuliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Mzee, kikohozi kilianza kabla ya kidonge hiki au baada yake?" Enalaprili na dawa za kundi lake huleta kikohozi kikavu kwa watu wasio wachache. Hakiambukizi, wala hakiharibu mapafu. Akabadilishiwa, akapewa losartani, ambayo hufanya kazi inayofanana na mara chache sana huleta kikohozi. Baada ya wiki tatu alilala usiku mzima, na watoto wakarudi kwenye hadithi.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, kikohozi cha wiki 2 au zaidi kipimwe kifua kikuu kwanza, bila aibu. La pili, kama si kifua kikuu, mwonyeshe tabibu vidonge vyako. Huenda dawa moja ilikuwa na kero, nawe ukaziacha tano. Madhara ya kundi hili ni midomo, ulimi au uso kuvimba. Hilo hutokea zaidi kwetu sisi watu weusi, na linaweza kuziba koo. Likitokea acha kidonge hicho na kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Na mama mwenye mimba au anayetarajia kupata mimba amwambie tabibu mapema, kwa sababu dawa za kundi hili humdhuru mtoto tumboni.

Tano, furosemidi. Hii hukupeleka chooni mara kwa mara, na ndivyo ilivyokusudiwa. Meza asubuhi. Ukiandikiwa mara mbili, uliza kama ya pili inaweza kumezwa kabla ya saa nane mchana. Vyoo vyetu viko nje na njia ni giza, na mama hapaswi kuhatarisha usalama wake usiku kwa sababu ya saa ya kidonge. Ukibanwa misuli sana au kuishiwa nguvu, sema upimwe damu. Dawa hii haiwezi kushindana na chumvi. Sombe yetu tuipende, lakini ndagala za chumvi zioshwe na kulowekwa kwanza.

Sita, kidonge cha chini ya ulimi. Kichwa kitauma, uso utakuwa na joto, utasikia kizunguzungu. Ni kawaida na hupita. Kitumie ukiwa umekaa chini. Kikae kwenye chupa yake mwenyewe, mbali na jua. Kama dakika 5 zimepita na kifua bado kinabana, ita watu wakupeleke hospitali.

LILE TUSILOLISEMA

Wazee wangu, niwieni radhi, lakini nikilinyamazia hili nitakuwa sikufundisha. Wako wanaume walioacha dawa kwa sababu ya chumbani. Wamesikia kwamba vidonge vya moyo vinamaliza nguvu za kiume, wameona upungufu, wakachagua. Ni kweli baadhi ya dawa, hasa zile za kupunguza mwendo wa moyo, zinaweza kuchangia. Lakini mishipa iliyoziba moyoni mara nyingi imebana na kwingineko, na hofu ya kufia kitandani nayo hufanya kazi yake. Zipo dawa mbadala, na kipimo kinaweza kurekebishwa. Kinachotakiwa ni kumwambia tabibu. Kama unaona haya kwa tabibu kijana, omba mwenye umri wako. Kwa kawaida anayeweza kupanda mlima mfupi bila kifua kubana hana sababu ya kuiogopa ndoa yake, ila amuulize daktari wake kwanza.

Kuna onyo moja hapa lisilo na mzaha. Vile vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kwa siri sokoni visikutane kamwe na kidonge cha chini ya ulimi. Presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kufa. Akina mama, nanyi mna sehemu yenu: mume akijua hachekwi nyumbani, haendi kutafuta kibandani.

UVUMI WA KAMBINI

Uvumi wa kwanza unasema ukionekana na ugonjwa wa moyo faili lako la kwenda nchi ya tatu linafungwa. Kwa ajili hiyo watu huficha vidonge, na wengine huviacha kabisa kabla ya vipimo. Katika vigezo vya UNHCR vya kuwapeleka wakimbizi nchi ya tatu kimo pia kigezo cha mahitaji ya matibabu. Siahidi chochote, maana uamuzi ni wa nchi inayopokea. Lakini moyo unaotibiwa husafiri vizuri kuliko moyo uliofichwa.

Uvumi wa pili unasema dawa ya presha ya jirani inafaa kwa kila mwenye presha. Ukimgawia jirani vidonge vyako, yeye anameza kitu asichopimiwa, nawe unakosa wiki ya mwisho ya mwezi. Tugawane unga, tusigawane vidonge.

Wa tatu unahusu miti shamba. Siidharau, nimekua nikiinywa. Ila mizizi na majani yana nguvu, na nguvu mbili zisizojuana zinaweza kugombana mwilini. Ukiitumia, mwambie tabibu bila kuficha.

MAMBO YA KUFANYA KUANZIA KESHO

Ndugu zangu, mwalimu haachi darasa bila zoezi.

Moja, kila mgonjwa awe na daftari la dawa. Jina la dawa, kazi yake, saa yake, na safu ya mwisho ya kero: ilianza lini, inakuja saa ngapi, inadumu muda gani. Ukimwambia tabibu "naumwa", hana pa kushika. Ukimwambia "kizunguzungu kilianza siku tatu baada ya kidonge hiki, nikiinuka asubuhi", umemfungulia mlango.

Mbili, mtu asiache dawa peke yake, isipokuwa kwa zile dalili za hatari, na hapo aende hospitali mara moja. Nakazia kwa yeyote aliyewekewa kibomba kwenye mshipa wa moyo, kama wafanyavyo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Kwake, kuacha aspirini na klopidogreli bila amri ya daktari ni kualika donge jipya.

Tatu, dawa zifuatwe zikiwa zimebaki za siku saba, si zikiisha. Dirisha likisema hakuna, omba uandikiwe mbadala, na mjulishe kiongozi wa kijiji chako siku hiyo hiyo.

Nne, kila nyumba yenye mgonjwa wa moyo iwe na mtu mmoja anayejua kusoma maboksi. Shuleni kwetu tuko tayari, baada ya masomo, kumsaidia yeyote kuandika daftari lake.

Kwa Kamati nina maombi mawili. Tunaomba mzungumze na wenzetu wa afya ili mgonjwa anayetoka hospitali aelezwe maudhi na madhara ya kila dawa kwa lugha anayoisikia, Kiswahili au Kibembe, kabla hajaondoka dirishani. Na tunaomba siku ya kuchukua dawa za moyo na presha isigongane na siku ya mgao, kwa sababu mzee akilazimishwa kuchagua kati ya unga na kidonge, atachagua unga, na hakuna wa kumlaumu.

Ndugu Mwenyekiti, wazee hawa walituvusha ziwa usiku bila kujua kuogelea. Tusiwaache wazame kwenye kikohozi, kwenye uchovu na kwenye aibu, mambo ambayo mara nyingi swali moja lingeyatatua. Jioni ya leo, tukifika nyumbani, kila mmoja amuulize mzee wake maneno haya tu: "Mzee, dawa zako zinakuudhi wapi?" Halafu amsikilize mpaka mwisho.